Damu ya Mkwe

Ugonjwa wangu niliuona mara ya kwanza kwenye kipande cha muhogo. Nilikuwa jikoni kwangu, kijijini Ganda, natafuna muhogo wa kuchemsha kwa chai ya rangi, nikatazama pale nilipouma nikaona damu. Nikadhani ni jino. Mtu wa miaka sitini na sita akitoka damu kinywani hafikirii mbali. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikaendelea kula, maana nilikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na saba na sijui kutupa chakula.

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu mzima mwenzangu aliyeambiwa juzi kwamba ana saratani ya damu, ile inayokwenda mbio, na kwa ajili ya wanawe wanaomtazama kwa pembeni. Mambo ya dawa mtaelezwa na wenye kazi yao. Mimi nitasema yaliyonipata, likiwemo moja ninaloona haya kulisema, na nitalisema.

Mvua za masika zilikuwa zimeshika na mahindi yalitaka palizi. Kila nikimaliza mstari mmoja nakaa chini. Mume wangu, Karisa, ambaye maneno yake ya siku nzima hayajazi kiganja, akawa anamaliza upande wake na kuhamia wangu bila kusema kitu. Halafu mikono ikaanza kutoka madoa ya zambarau. Nikigusa mlango, doa. Nikibeba ndoo, doa. Jirani mmoja akanivuta kando akaniuliza kwa upole kama mambo ni mazuri nyumbani. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Karisa hajawahi kumpiga hata mbuzi aliyekula mbegu zake.

Zahanati walisema malaria. Wiki mbili baadaye wakasema taifodi. Kisha wakasema damu imepungua, nikapewa vidonge, na kila aliyepita kwetu akawa daktari: kunywa maji ya bitiruti, chemsha mchicha, kula maini. Nilivifuata vyote. Mimi niliyewapikia watoto mia nne mchicha kwa sufuria za kukoroga kwa mwiko mrefu, leo harufu yake tu inanipeleka nyuma ya nyumba kutapika.

Sidi ndiye aliyekata shauri. Sidi ni kitinda mimba wangu, wakati huo ana miaka thelathini na moja, anauza vitambaa katika duka moja mjini Malindi, na ulimi wake ni wangu mtupu. Alikuja Jumamosi moja, akainua leso yangu, akaona miguu ilivyojaa vidoa vyekundu vidogo kama upele wa joto, akasema, "Mama, hii si ya mchicha. Vaa viatu."

Malindi walinitoa damu, wakaitazama, wakanyamaza, wakaniandikia barua ya kwenda Mombasa. Kunyamaza kwao ndiko kulikoniambia. Nimeishi na watu wa maneno mengi maisha yangu yote, na nikiona watu wamekosa la kusema najua pana jambo.

Benchi la Mombasa nalijua sasa kuliko kiti changu cha nyumbani. Ni la chuma, lina matundu, na ukikaa saa nne matundu yale yanabaki mapajani mwako. Pale watu husimuliana kila kitu isipokuwa jina la ugonjwa. Utaambiwa mtu ametoka wapi, ana wajukuu wangapi, nani kamwachia kuku wake, lakini akifika hapo anasema tu "haya mambo," na wewe unajibu "haya mambo," mkaelewana. Mama mmoja wa Malindi mjini, mwenye buibui, aliyekuwa na mumewe, aliniona natetemeka katika ule ubaridi wa mashine akanivua viatu, akaifunika miguu yangu kwa mtandio wake. Hakuniuliza jina. Alipoitwa ndani aliuacha, na mimi nilipoitwa niliukunja nikauweka mahali pake.

Walinichoma sindano kwenye mfupa wa nyonga kutazama ndani yake, mnamotengenezwa damu. Sitawadanganya, inauma. Walinitia ganzi, na ganzi ilizuia kuchomwa, haikuzuia kule kuvutwa. Nilimshika Sidi mkono nikamwachia doa la vidole vyangu vitano. Alikaa nalo siku tatu, na kila akinionyesha ananiambia, "Sasa tumefanana."

Daktari alikuwa binti wa sauti ndogo. Alivuta kiti chake akakileta upande wetu wa meza. Alisema kwamba kwa umri wangu zile dawa kali wanazopewa vijana zingenimaliza mimi kabla ya kuumaliza ugonjwa. Kwa hiyo angenipa sindano za tumboni, siku saba kila mwezi, mwezi hata mwezi. Nikamuuliza kama nitapona.

"Mama, naweza kujaribu kuulaza," akasema. "Kuung'oa sikuahidi."

Nilimpenda kwa hilo. Halafu akasema jambo la pili, ambalo tulilichukulia dogo: kwamba wakati sindano zinafanya kazi, mwili wangu hautatengeneza damu ya kutosha, na itabidi nitiwe ya watu wengine. Akatazama karatasi yangu akauliza kama ninajua kundi langu la damu. Sikujua. Ni O hasi, ile adimu, ambayo haikubali nyingine yoyote isipokuwa ya aina yake.

Wanangu wote watano walipimwa. Wote wamefuata damu ya baba yao. Nilimzaa kila mmoja kwa uchungu wangu mwenyewe na hakuna hata mmoja aliyekuwa na tone la kunisaidia. Mzunguko wa kwanza wa sindano ulipokwisha, mwezi wa sita, nililazwa Malindi nikiwa siwezi kugeuka kitandani bila moyo kunipiga masikioni. Benki ya damu ilikuwa haina aina yangu, wala Mombasa haikuwa nayo. Muuguzi alikuja mara tatu kutuambia kwamba bado wanatafuta, na mara ya tatu hakunitazama usoni. Nilifahamu nimefika mwisho. Sikuogopa kama nilivyodhani. Nilikuwa nimechoka, na nilisikitika kwamba Karisa hajui kupika chochote zaidi ya mayai.

Sidi alitoka nje akampigia simu Mutua.

Mutua alikuwa mchumba wake. Ni Mkamba, fundi wa pampu zinazovuta maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni, mtu mpole, mikono yake imepasukapasuka kwa chumvi. Walikuwa pamoja miaka mitatu. Mimi nilimkubali siku ya kwanza kwa sababu alikula sahani mbili na akasema ya pili ilikuwa tamu zaidi. Aliyekuwa hataki kumsikia ni Mzee Chengo, kaka mkubwa wa Karisa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. "Mtu wa bara," alikuwa akisema. "Akimaliza kazi ya chumvi atatuchukulia mtoto ampeleke huko kwenye mawe, na sisi tubaki na picha." Ilichukua mwaka mzima wa kumbembeleza mpaka akakubali Mutua alete kadzama, lile tembo la mnazi linalopelekwa kwa wazee kufungua maneno ya ndoa. Ilikuwa iletwe mahindi yakishavunwa.

Na Mutua alikuwa amejifunza heshima zetu. Kwetu sisi mkwe hakai meza moja na mama mkwe, hampi mkono, hamkazii macho. Alikuwa akifika anasimama mlangoni, "Shikamoo, mama," ananiambia huku anatazama chini, nami naitikia "Marahaba, baba," kisha kila mtu anashika njia yake.

Siku ile alikuja na nguo za kazi, suruali nyeupe kwa chumvi mpaka magotini. Walimpima. Muuguzi aliyekuwa hanitazami usoni alirudi anakimbia. Ilikuwa O hasi.

Jioni hiyo hiyo damu ya kwanza ikaanza kuniingia. Nilihisi vidole vya miguu vikipata joto, kimoja kimoja. Niliweza kusikia sauti za watu wadi ya jirani. Nikafumbua macho nikamwona Mutua amesimama miguuni pa kitanda, na mimi mikono wazi, leso imenianguka, kichwa sina kitambaa, mbele ya mkwe. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani. Yeye alikuwa amegeuza uso dirishani, na aliugeuza hivyo mpaka Sidi aliponifunika.

Habari zikamfikia Mzee Chengo. Alikuja nyumbani nilipotoka hospitali, akakaa, akanywa maji, akauliza swali moja: "Ni kweli Jumwa ametiwa damu ya yule kijana?" Jumwa ni mimi. Karisa akasema ni kweli. Mzee akaweka kikombe chini.

Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme hivi. Zamani watu wawili waliopendana walikuwa wakichanjiana. Kila mmoja anachanjwa chale, damu yake inapakwa kwenye kipande cha ini la kuku, na mwenzake anakila. Tangu siku hiyo ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja akifa mwingine anazika, na watoto wao hawaoani. Baba yake Chengo alikula chale na mtu wa ng'ambo ya mto Sabaki, na mpaka leo nyumba zile mbili hazichukuliani wake.

"Lile lilikuwa tone," akasema Mzee Chengo. "Tone moja, juu ya ini. Huyu ametiwa chupa nzima. Sasa kijana ni nani? Ni mtoto wa nyumba hii. Na mtoto wa nyumba hii hamwoi Sidi."

Sidi alicheka. "Baba mkubwa, kwa hesabu hiyo nusu ya Malindi ni ndugu zangu. Basi niolewe na nani?"

"Hospitali ni hospitali, kaka," akasema Karisa, na kwa Karisa hiyo ilikuwa hotuba.

Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alisema kadzama isiletwe kwanza, na kwamba wazee watakaa. Ndivyo mtu aliyekataliwa mwaka mzima kuwa mkwe alivyopokelewa mara moja kuwa mwana.

Kusi lilivuma miezi ile, asubuhi zikawa za baridi, na mimi nikawa mtu wa sindano. Tumbo langu lilijaa uvimbe mgumu mwekundu, saba kwa mwezi, nikawa nalala chali tu. Nguo zikaniwia kubwa. Nilikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Wapishi wenzangu waliniita Gunia, nami nikiwaitikia. Sasa nilipojiosha nilihisi mbavu chini ya kidole. Meno yalitoka damu nikiyapiga mswaki, nikayasugua kwa kitambaa chenye maji. Nilikatazwa matunda yasiyomenywa, nikakatazwa kuingia kwenye watu wengi, nikakatazwa kuwapakata wajukuu wenye mafua, na mjukuu asiye na mafua sijamwona. Waliniamkia kutoka uani. Lililoniuma zaidi ni kwamba watu waliacha kunitania. Mimi na mashemeji zangu hatujawahi kuongea maneno mawili bila kuchokozana, na sasa walikuja wananena pole pole kama wamo msibani.

Mwezi wa nane Sidi aliniambia jambo. Alikuwa anakanda mgongo wangu kwa mafuta ya nazi, kwa hiyo sikuuona uso wake.

"Wakikataa, mama, sisi tutaondoka. Mutua ana nafasi ya kazi kwao. Tutafunga ndoa huko huko."

"Na mimi?"

"Nitakuja kukuona."

Nilisema, "Sawa, mwanangu." Lakini nilipobaki peke yangu sikumfikiria yeye. Nilifikiria ile chupa. Daktari alikuwa amesema mtu hutoa damu kila baada ya miezi mitatu, na kwamba wangejaribu kunitafutia nyingine katikati. Mara nyingine walipata, mara nyingine hawakupata. Mwenye uhakika alikuwa mmoja tu, na alikuwa anafunga mizigo.

Wazee walikaa mwezi wa tisa, siku ya Jumamosi, uani kwetu. Walikuwa watatu, na Karisa, na mimi kwenye mkeka nimeegemezwa ukuta. Sidi alisimama mlangoni pa jikoni. Jumatatu yake ilikuwa nitiwe damu tena, na bila hiyo mzunguko wa nne usingeanza. Mutua alichelewa. Alipofika alikuwa na pamba imebandikwa kwenye kiwiko, maana alikuwa ametoka moja kwa moja hospitali kunitolea. Uso wake ulikuwa umepauka. Nikamwona anayumba kidogo pale alipovua viatu, ikanitoka yenyewe:

"Pole, mwanangu. Njoo ukae."

Kila mtu pwani husema hivyo. Ningemwambia mwanangu muuza maji, au dereva asiyenijua. Ila siku ile Mzee Chengo aliinua mkono, wazee wenzake wakanyamaza.

"Jumwa," akasema. "Umemwitaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kujibu. Nataka mlijue hili vizuri wale mnaosoma. Sikuwa nimezidiwa, wala homa sikuwa nayo, wala sikuelewa vibaya. Nilijua anachoniuliza na nilijua nini kitatoka katika kila jibu. Nikisema nimeteleza ulimi, hao wawili wataoana, na wakioana leo au wakitoroka kesho, atakuwa mume wa mtu, na mume wa mtu huenda anakokwenda. Nikisema ni mwanangu, atakaa. Mutua ni mtu wa namna hiyo. Nilikuwa nimemsoma tangu sahani ya kwanza. Nikaitazama ile pamba.

"Nimemwita mwanangu," nikasema.

"Na ndivyo alivyo?"

"Ndivyo alivyo."

Sidi aliingia ndani. Mutua akasema maneno ambayo sitayasahau, na aliyasema kwa Kiswahili chake cha bara, polepole: "Kama mama amesema mimi ni mtoto wake, siwezi kumuacha mama mgonjwa." Wazee wakaitikia, mmoja akampiga bega. Jumatatu nikatiwa damu, ikanikaa vizuri.

Sidi hakusema nami siku kumi na moja. Alinipikia uji, akanipeleka choo, akanifulia, bila neno. Siku ya kumi na mbili Mutua alikuja kunipeleka sindano, na Sidi, mbele ya jirani waliokuwa wamekuja kuniona, akasema kwa sauti kavu, "Kaka yangu amefika. Mpisheni." Jirani walichekelea, wakaona ni mapenzi ya nyumba. Mimi nilijua ananipiga kofi.

Tangu hapo alimwita hivyo kila siku. Kaka, shika hapa. Kaka, umekula? Mutua naye akawa anaingia ndani sasa, ananishika mkono, ananiinua kitandani, anakula tulipo, maana mwana hana miiko na mama yake. Alinisaidia mambo ambayo mkwe asingethubutu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifarijika.

Vuli ilinyesha nikiwa mzunguko wa tano. Kaskazi lilipoingia na joto lake, kinywa changu kilichubuka chote, nikaishi kwa maziwa baridi na uji mwepesi wa kupitisha kitambaani. Mwezi wa kwanza nilipata homa wakanitenga chumba cha peke yangu siku tisa, na kila aliyeingia alifunika pua na mdomo, nikawa nawajua kwa macho tu. Macho ya Karisa yalikuwa mekundu. Aliniletea mayai. Mutua alitoa damu mwezi wa kumi na mbili, akatoa mwezi wa tatu, akatoa tena mwezi wa sita. Alizunguka pia kwa wafanyakazi wenzake wa chumvi, akapata mmoja mwingine mwenye aina yangu, Mtaita mmoja mwenye utani mwingi, ambaye Mzee Chengo hakuuliza habari zake hata siku moja.

Hilo la Mtaita lilinifungua macho, lakini sikusema kitu. Nilikuwa bado nataka kuishi.

Masika mengine yalikuwa yamekwisha walipotazama tena ndani ya mfupa wangu. Daktari yule yule alivuta kiti akakileta upande wetu. Alisema ugonjwa umelala. Akarudia kwamba umelala tu, na kwamba sindano zitaendelea kwa muda wote zitakaponifaa, ila damu ya kuongezwa sitaihitaji kama zamani, kwa kuwa sasa najitengenezea yangu. Sidi alilia. Mutua, aliyekuwa mlangoni, akatoka nje kwenda kulia kwake. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshikwa na hofu ya namna nyingine, kwamba sasa sina kisingizio.

Nilimwomba Karisa amwite kaka yake. Mzee Chengo alikuja, nikamwambia yote pale pale alipokaa mwaka ule. Kwamba lile neno liliniponyoka, na kwamba alipouliza nililishikilia makusudi, nipate damu.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Shemeji, mimi nimetiwa damu ya watu wawili nilipopasuliwa tumbo, na sijui hata majina yao. Sijawahi kwenda kuwatafuta niwaite ndugu." Akainama akajikuna mguu. "Nilikuja kukuona Malindi ulipolazwa. Ulikuwa umelala. Nilimwona kaka yangu amekaa karibu yako ameshika soli ya kiatu chako. Nikasema, mkwe wa bara huondoka na mkewe. Mwana habanduki. Nikatafuta la kumfunga kijana."

Sikuwa na la kumlaumu. Tulikuwa tumefanya kazi moja, yeye upande wake, mimi wangu. Akasema yuko tayari kusimama mbele ya wazee wale wale aseme kwamba ya hospitali si chale, na kadzama iletwe hata kesho. Nikamwambia asubiri, hilo nilipeleke mwenyewe.

Sidi alikuwa nyuma ya nyumba anakuna nazi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikamweleza, la kwangu na la baba yake mkubwa. Hakuacha kukuna. Alimaliza kifuu kile, akachukua kingine.

"Kwa hiyo nyote wawili mlijua," akasema.

"Tulijua."

"Nami nilijua, mama. Unadhani sikukuona ulivyoitazama ile pamba?"

Nikamwambia kwamba sasa njia ni nyeupe, kwamba baba mkubwa atasema, kwamba Mutua hajaoa na kila mtu anaona alivyo, na miaka thelathini na miwili si mingi. Nilikuwa naongea haraka kama muuza samaki. Aliniacha nimalize.

"Siku ya kwanza nilipomwita kaka nilikuwa nakukomoa," akasema. "Siku ya pili pia. Kisha ikawa tunaigiza, mimi na yeye, ili wewe upone, na tukitoka hapa tunacheka. Sijui ni siku gani tuliacha kuigiza. Nimemtafuta yule mtu wangu, mama. Simwoni. Namwona kaka."

"Na yeye?"

"Muulize."

Nilimuuliza. Mutua alitazama chini kama zamani zile za mlangoni, akasema, "Mama, tulishaongea."

Watu huniuliza siri ya kupona, nami sina. Ningekushauri ule hata kama ladha imekufa, usione haya kuinuliwa, uwaambie watu waendelee kukutania. Na aliyekupa damu mshukuru kwa jina lake alilopewa na wazazi wake, usimpe jingine. Unapoumwa sana unakuwa na nguvu ambayo mzima hana. Kila mtu anatetemekea neno lako, na unaweza kuwafanyia vibaya wale wanaokupenda huku umelala chali. Mimi niliweza, na sijafika mahali pa kusema kwamba ningefanya vingine. Ningekuwa nimekufa. Najuta na niko hai, na vyote viwili naamka navyo.

Juma lililopita nilikuwa Malindi kwa sindano. Sidi alinipeleka, na Mutua akatukuta huko, kwa sababu bado hutoa damu kila miezi mitatu, siku hizi kwa yeyote. Tulikaa kwenye benchi tukingoja, mmoja kila upande wangu. Muuguzi alikuwa mgeni, msichana aliyeanza kazi karibuni. Alipokuja kuniita alitutazama sote watatu akatabasamu.

"Mama, umejaliwa," akasema. "Watoto wako wanakupenda."

Nilingoja mmoja wao amsahihishe. Sidi aliinama akachukua faili langu, na Mutua akanishika mkono kuniinua.